Masikio ya Kukopa

Ilianza Novemba, wiki ile bwawa la ng'ombe lilipoganda:
ta-ta-ta-ta, haraka, kavu,
kama mtu anayegonga kucha kwenye sahani.
Nikamwambia Orest, pikapu inalalamika.
Akasema, wapi?
Akasimama mbele ya boneti iliyo wazi, koti halijafungwa,
akasema, Slavka, mbona inaimba vizuri.

Miaka arobaini na moja ya mashine za kuvuna ngano
imemla masikio kuanzia juu.
Sauti nene bado anazipata: radi, fahali, askofu.
Nyembamba zimekwenda:
mluzi wa birika, mjukuu akinong'ona,
mimi, nikiwa jikoni.
Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema.
Mimi nilidhani lake linachagua tu,
nikamnunia miaka sita kwa kosa lisilo lake.

Tukaipeleka Yorkton. Maili arobaini za theluji.
Tulipofika injini ilikuwa imepata moto
na ile sauti imejificha kama mtoto mbele ya daktari.
Kijana wa gereji akabadilisha oili ambayo haikuwa chafu,
akatoza dola mia moja na themanini,
kisha akanitazama mimi kwa huruma.

Basi Ijumaa tukaiacha ilale nje.
Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Asubuhi, nyota bado zipo,
nikachukua kipande cha mpira wa bustani, urefu wa mkono,
ncha moja sikioni, ncha nyingine ikitembea juu ya chuma.
Yeye na tochi, akiusoma uso wangu
kama anavyosoma geji.

Kifuniko cha vali: mnong'ono tu.
Nikatikisa kichwa.
Altaneta: mluzi wake wa kila siku.
Nikashuka upande wa abiria, nyuma kabisa, silinda ya mwisho,
TA! TA! TA!
Niliruka, nikajigonga kisogo kwenye boneti,
naye akacheka kabla hajajua kwa nini.

Akamulika. Mstari wa masizi, mwembamba,
pale manifoldi inapoegemea kichwa cha injini.
Bolti ya mwisho imekatika,
kichwa kimeanguka barabarani zamani, mwili umebaki ndani.
Asubuhi moshi unapenya hapo na kelele zake.
Chuma kikipata joto kinavimba, kinaziba ufa,
kinajifanya hakikusema kitu.
Tabia hiyo naijua.
Nimeolewa nayo.

Alichomelea nati juu ya kile kisiki.
Ikang'oka.
Akachomelea nyingine. Ikang'oka, na tusi juu yake.
Ya tatu akaiacha ipoe kidogo,
akagusisha mshumaa wa kanisani, nta ikanywewa mle ndani,
kisha spana: robo mbele, robo nyuma,
mtu anayebembeleza mlango wa chumba cha mgonjwa.
Ghafla nikasikia kilio kidogo, kyiii,
uzi wa bolti unaachia.
Nikafungua mdomo nimwambie.
Mkono wake ulishajua.

Gasketi mpya, bolti mpya, vidole vya bluu.
Chakula cha mchana tulikila saa kumi jioni.

Jumapili, kabla ya ibada, akawasha.
Akanigeukia: Je?
Nikasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Ngurumo tu, nene, ya chini,
ile anayoipata hata yeye.
Nikainua kidole gumba ndani ya glavu.
Akavua yake, akaweka kiganja kwenye bodi,
akafumba macho, akabaki hivyo.

Sijamwambia bado kuhusu ile nyingine,
kik, kik, gurudumu la nyuma kushoto,
tunapokata kona ya maghala.
Kwanza anywe chai.